Mfuniko wa Oili ya Injini: Kazi Yake, Ukaguzi Wake na Wakati wa Kuubadilisha

Juu ya injini ya gari kuna tundu la kumiminia oili, na juu ya tundu hilo kuna mfuniko ambao wenye magari wengi huugusa mara chache tu, oili inapobadilishwa au inapoongezwa. Kwa kuwa kazi yake inayoonekana ni kuziba tundu, ni rahisi kudhani kwamba ukilegea au mpira wake ukikakamaa, hasara yote itakuwa matone machache ya oili yanayochafua injini. Kwa injini za zamani dhana hiyo haikuwa mbali na ukweli, lakini kwa injini nyingi za leo si sahihi, kwa sababu mfuniko huo ni sehemu ya mfumo wa hewa uliofungwa pande zote, na upenyo mdogo mahali hapo unaweza kuvuruga mchanganyiko wa hewa na petroli, kuifanya injini itetemeke na kuwasha taa ya onyo kwenye dashibodi. Aidha, upande wa chini wa mfuniko hubeba alama za mambo yanayoendelea ndani ya injini, na alama hizo husomwa vibaya mara kwa mara: wapo wanaobadilisha mfuniko usio na kosa lolote, na wapo wanaofungua silinda hedi (kichwa cha injini) nzima kwa sababu ya ukungu uliogandishwa na baridi ya asubuhi.

Ili kuelewa kwa nini mfuniko una uzito huo, inafaa kuanza na pistoni. Mchanganyiko wa mafuta na hewa unapowaka ndani ya silinda, mgandamizo mkubwa huisukuma pistoni chini, na ingawa ringi za pistoni huzuia sehemu kubwa ya gesi isipite, kiasi kidogo hupenya pembeni na kuingia katika chumba cha chini chenye krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na oili. Jambo hili hutokea hata katika injini mpya kabisa. Gesi hiyo ina mvuke wa maji, mabaki ya mafuta yasiyoungua na asidi, na kama haina njia ya kutoka, shinikizo hupanda na kusukuma oili nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Zamani gesi hiyo iliachwa itoke hewani kupitia bomba lililoelekezwa chini ya gari, huku hewa safi ikiingia kupitia mfuniko wa oili wenye matundu na wavu ndani yake. Mwaka 1961 jimbo la California nchini Marekani liliagiza magari yawe na mfumo wa kuirudisha gesi hiyo ndani ya injini iungue, ili kupunguza uchafuzi wa hewa, na baadaye mfumo wa namna hiyo ukaenea duniani kote. Kiungo chake kinachojulikana zaidi ni valvu ya PCV, ambayo huruhusu gesi ivutwe kutoka kwenye chumba cha krankishafti hadi kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, yaani bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda.

Tangu hapo mfuniko ukabadilika tabia. Katika mfumo uliofungwa haupaswi kupitisha hewa hata kidogo, kwa sababu nafasi yote iliyo chini yake imeunganishwa na njia ya hewa ya injini. Hii ndiyo sababu mfuniko wa zamani wenye matundu ya kupumulia hauwezi kuwekwa mahali pa mfuniko uliozibwa, wala uliozibwa hauwezi kuchukua nafasi ya wenye matundu, hata kama nyuzi zake (mistari ya kufungia) zinaingia vizuri na unafunga barabara. Katika hali ya kwanza injini itavuta hewa isiyotakiwa, na katika hali ya pili injini ya zamani itakosa mahali pa kupumulia.

Injini ya petroli ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi wengi huiita sailensa, mara nyingi chumba cha krankishafti huwa na mvuto mdogo wa kuelekea ndani. Mfuniko ukivuja wakati huo, kinachotokea kwanza si oili kutoka bali hewa kuingia. Katika gari lenye sensa inayopima hewa kabla haijafika kwenye throto (mlango unaodhibiti hewa inayoingia kwenye injini), hewa iliyopita kwenye mfuniko haikupimwa, kwa hiyo kompyuta ya injini huingiza petroli inayolingana na hewa iliyopimwa peke yake. Mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua jambo hilo, kompyuta huongeza petroli kadiri inavyoruhusiwa, na ikifika kikomo huwasha taa ya injini na kuhifadhi msimbo kama P0171, unaomaanisha kwamba petroli ni pungufu katika safu ya kwanza ya silinda. Dereva huona sailensa inapanda na kushuka, gari linamisi, na wakati mwingine husikia mluzi mwembamba chini ya boneti. Katika magari yanayokadiria hewa kwa kupima shinikizo ndani ya manifoldi, dalili huwa tofauti kidogo, kwa kuwa kompyuta inaweza kuihesabu hewa iliyozidi. Hapo kinachoonekana zaidi ni sailensa kuwa juu kuliko kawaida.

Gari likipanda mlima au likibeba mzigo mzito, mambo hugeuka. Gesi inayopita kwenye ringi huongezeka, mvuto wa manifoldi hupungua, na shinikizo ndani ya injini linaweza kupanda juu ya lile la nje. Wakati huo mfuniko uleule uliokuwa ukiingiza hewa huanza kutoa ukungu wa oili. Injini yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) huongeza jambo jingine, kwa sababu tabo inapofanya kazi manifoldi haivuti tena bali inasukuma, na kuna valvu ya kuelekeza upande mmoja inayozuia msukumo huo usiingie kwenye chumba cha krankishafti. Valvu hiyo ikifa, hewa ya tabo huingia ndani na kutafuta upenyo wowote, na mfuniko wa oili ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha. Mtu anayebadilisha mfuniko peke yake katika hali hiyo atashangaa kuona mpya nao unavuja baada ya muda mfupi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vingi. Injini iwe imezimwa na imepoa, kwa kuwa oili ya injini iliyotoka kufanya kazi hufikia joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na katika injini nyingi shafti na cheni huzunguka karibu kabisa na tundu, kiasi kwamba mfuniko ukifunguliwa injini ikizunguka, oili ya moto inaweza kurukia mikono na uso. Kabla ya kufungua, eneo lote la kuzunguka mfuniko lifutwe kwa kitambaa kisichoachia nyuzi. Hatua hii hupuuzwa sana, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mchanga unaokaa kwenye ukingo wa tundu huanguka moja kwa moja penye shafti na valvu mara tu mfuniko unapozungushwa. Pia ni wakati huo, kabla ya kufuta, ambapo inafaa kutazama uchafu ulivyokaa. Oili iliyoenea upande mmoja tu na kuteremka kama mfereji mara nyingi ni ile iliyomwagika wakati wa kuongeza. Duara lililosambaa sawasawa kuuzunguka mfuniko, likiwa na vumbi lililonata, huashiria kwamba oili inatoka polepole kupitia kwenye mpira. Hata hivyo hakuna haja ya kubahatisha: futa pawe pakavu kabisa, endesha gari kwa siku chache, kisha tazama tena.

Mfuniko ukishafunguliwa, kitu cha kwanza kuangaliwa ni mpira wa kuziba, ambao unaweza kuwa oringi ya duara au gasketi bapa. Mpira mzima huwa laini, hurudi katika umbo lake ukibonyezwa kwa ukucha, na ukikunjwa kidogo hauonyeshi nyufa. Joto la miaka mingi huufanya ukakamae na ubonyee, hadi upande uliokuwa wa mviringo unakuwa bapa na kung'aa. Hapo unaweza kuonekana mzima kwa macho lakini haujazi tena nafasi iliyo kati ya mfuniko na tundu. Wakati mwingine mpira huvimba na kulegea badala ya kukakamaa, hasa kama umewahi kusafishwa kwa petroli au kwa vimiminika vikali vya kusafishia breki. Mpira uliovimba hutoka kwenye mfereji wake na kujikunja unapofungwa, na mkunjo huo mmoja unatosha kuingiza hewa.

Baada ya mpira, angalia nyuzi za mfuniko, au yale masikio ya plastiki kwa mifuniko inayofungwa kwa robo mzunguko. Plastiki iliyopigwa na joto kwa muda mrefu huwa dhaifu na kupasuka kwenye pembe, na sikio likivunjika, kipande chake kinaweza kuwa tayari kimo ndani ya injini; kitafutwe kabla ya injini kuwashwa. Pitisha kidole pia kwenye ukingo wa tundu lenyewe, kwa sababu mkwaruzo mrefu au ufa kwenye kava ya valvu utavujisha hata ukiweka mfuniko bora kuliko wote. Mfuniko unaozunguka bure, au unaofunga bila ukinzani wowote wa mpira mwishoni, umekwisha kazi yake.

Sasa tuje kwenye upande wa chini wa mfuniko, ambako ndiko hofu nyingi huanzia. Hali ya kawaida ni utando mwembamba wa oili, wenye rangi ya asali au kahawia kulingana na umri wa oili. Tabaka jeusi na zito, linalokwanguka kama lami, linaonyesha kwamba oili imekaa mno bila kubadilishwa au imepata joto kupita kiasi hadi ikaanza kuganda, na linalohitaji kushughulikiwa hapo ni injini na ratiba yake ya oili, maana mabaki kama hayo huziba wavu wa pampu ya oili. Chembe zinazometameta kama unga wa chuma ni nadra kufika juu kiasi hicho, na zikionekana gari lisiendeshwe hadi chanzo kijulikane. Harufu kali ya petroli huashiria kwamba petroli inaingia kwenye oili na kuipunguzia uzito.

Linalosumbua watu kuliko yote ni utando mweupe au wa njano hafifu, unaofanana na krimu. Huo ni mchanganyiko wa maji na oili, na swali pekee la maana ni maji yametoka wapi. Jibu linalokuja haraka vinywani mwa wengi ni kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Inawezekana kuwa hivyo, lakini kuna chanzo kingine cha kawaida zaidi. Petroli inapoungua huzalisha maji, na kiasi chake si kidogo: lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ekzosi kama mvuke. Sehemu ndogo hupita kwenye ringi pamoja na gesi nyingine na kuingia kwenye chumba cha oili. Injini ikifanya kazi kwa muda wa kutosha, oili hupata joto, mvuke hubaki kuwa mvuke, na mfumo wa PCV huuvuta nje. Gari likiendeshwa dakika chache na kuzimwa, hasa wakati wa baridi, oili haiwahi kupata moto, na mvuke hutafuta mahali penye ubaridi pa kutulia. Mfuniko, ukiwa juu, mbali na chanzo cha joto na ukipigwa na hewa ya nje, ndio mahali pa baridi kuliko pengine, na injini zenye shingo ndefu ya kumiminia oili huathirika zaidi.

Kuvitofautisha vyanzo hivi viwili kunawezekana bila kufungua kitu. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na utazame oili iliyo chini. Kama ni safi na krimu iko kwenye mfuniko peke yake, kiwango cha maji kwenye tangi la akiba hakishuki, na hakuna moshi mweupe unaoendelea kutoka kwenye ekzosi baada ya injini kupata moto, basi uwezekano mkubwa ni mvuke uliotulia. Futa mfuniko, endesha gari safari ndefu zaidi ya nusu saa katika mwendo wa barabara kuu, kisha angalia tena. Krimu isiporudi, suala limekwisha. Ikirudi baada ya juma la safari fupifupi, valvu ya PCV ikaguliwe kama imeziba. Kwa upande mwingine, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki, maji yanayopungua bila kuvuja nje, na mipira ya rejeta inayokuwa migumu kwa shinikizo muda mfupi tu baada ya kuwasha injini iliyopoa, ni dalili zinazodai kupimwa gereji. Fundi anaweza kutumia kimiminika cha buluu kinachobadilika rangi kikikutana na hewa ukaa iliyopenya kwenye maji, na pia kupima kompresheni (mgandamizo) ya silinda moja baada ya nyingine. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Kuna jaribio jingine linalopendwa sana na wanunuzi wa magari yaliyotumika, yaani kulegeza mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa, kuulaza juu ya tundu na kutazama kama unarukaruka. Ukicheza, husemwa kwamba ringi zimekwisha. Sikubaliani na matumizi ya jaribio hili kama hukumu. Pistoni zinapopanda na kushuka hutikisa hewa iliyo chini yake, na katika baadhi ya injini tundu liko mahali ambapo mitikisiko hiyo inafika juu kwa nguvu hata kama ringi ni nzima. Injini za dizeli ndizo huonekana mbaya zaidi kwa kipimo hiki. Mfuniko mwepesi wa plastiki utacheza pale ambapo wa chuma ungetulia. Moshi mzito unaotoka kwa msukumo usiokoma, ukiambatana na injini inayokula oili, ni sababu halali ya kuendelea na vipimo, lakini vipimo vyenyewe ni vile vya kompresheni na vya kujaza hewa ndani ya silinda na kupima inavyovuja. Yapo pia yanayojulikana kwa kinyume chake: ikiwa mfuniko umeng'ang'ania kwa mvuto mkali injini ikizunguka, na mluzi unakatika pale tu unapoulegeza, yamkini kiwambo cha mpira ndani ya valvu ya PCV kimepasuka, na manifoldi inavuta chumba cha krankishafti kupita kiasi.

Ikithibitika kwamba kosa ni la mfuniko, uamuzi unaofuata ni kubadilisha mpira peke yake au mfuniko mzima. Mpira peke yake unatosha endapo plastiki haina ufa na nyuzi ni kali, mradi upatikane wenye kipenyo na unene uleule. Oringi iliyokaribiana tu haifai, kwa sababu iliyo nene mno huuzuia mfuniko usifike mwisho na iliyo nyembamba haigusi pande zote mbili. Iwe ya mpira unaostahimili oili na joto, kama ule wa nitrili au wa florini. Oringi za mabomba ya maji huvimba na kuharibika zikikaa kwenye oili. Mfuniko mzima utafutwe kwa namba ya chesisi ya gari, kwani magari ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na injini tofauti, na mifuniko inayofanana kwa macho inaweza kutofautiana katika urefu wa nyuzi au mteremko wa masikio.

Kufunga ni kazi fupi. Futa ukingo wa tundu, paka oili safi kidogo kwenye mpira mpya ili usijikunje unapozungushwa, kisha funga kwa mkono hadi uhisi umekaa, au hadi alama za mifuniko ya robo mzunguko zilingane. Spana haihitajiki na inaweza kupasua plastiki au kava yenyewe. Gundi ya gasketi isitumike mahali hapa, hata kwa muda: mfuniko hufunguliwa na kufungwa, na kila unapofunguliwa vipande vya gundi iliyokauka humeguka, huanguka ndani na kwenda kuziba njia nyembamba za oili. Kama taa ya injini ilikuwa imewaka, msimbo ufutwe kwa mashine ya uchunguzi, na marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, yasomwe baada ya gari kutembea kidogo. Yakirudi karibu na sifuri, upenyo ulikuwa hapo. Yakibaki juu, hewa inaingia kwingine, na mipira ya njia ya hewa ndiyo ikaguliwe.

Mifuniko mingi huandikwa juu yake aina ya oili, kwa mfano 5W-30 au 0W-20. Maandishi hayo yanafaa kuheshimiwa pale ambapo mfuniko ni ule uliotoka kiwandani, lakini ukiwa umebadilishwa hayathibitishi chochote kuhusu injini iliyo chini yake. Anayenunua mfuniko mpya wenye maandishi tofauti na ya ule wa awali afuate kitabu cha gari wakati wa kuweka oili, na ni vyema alibandike gari alama inayoonekana chini ya boneti ili fundi atakayefuata asisome mfuniko na kuongozwa vibaya.

Lipo pia suala la mfuniko uliosahaulika juu ya betri baada ya kuongeza oili, kisha ukaanguka njiani. Oili itakayorushwa kupitia tundu wazi inaweza kufika kwenye manifoldi ya ekzosi yenye moto na kuwaka, na kiwango chake kitapungua haraka kuliko mtu anavyotarajia. Kuziba kwa kitambaa ni hatari maradufu, kwa kuwa kitambaa hunyonya oili karibu na joto na kinaweza kuvutwa au kudondokea ndani. Gari lisimamishwe, boneti ifunguliwe na pembe zote za chumba cha injini zitafutwe kwanza, maana mara nyingi mfuniko hunasa kwenye kava ya chini au pembeni mwa betri. Usipopatikana, injini isiwashwe hadi mwingine unaolingana uletwe, na kiwango cha oili kipimwe kwa dipstiki, gari likiwa mahali tambarare, kabla ya kuondoka.